Msimwachie nahodha peke yake: barua ya wazi kuhusu ziara za Mnemba bahari inapochafuka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale. Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Wakuu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na wa Kamisheni ya Utalii Zanzibar.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Nina ombi moja kwenu, na nalitaja mapema ili hata mwenye haraka alipate: mwondoleeni nahodha wa boti ya watalii mzigo wa kuchagua kati ya roho za abiria wake na chakula cha wanawe. Asubuhi ambayo bahari imechafuka, anayeamua kama boti itoke kwenda Mnemba au ibaki nangani ni yeye peke yake. Akisema twende, analipwa. Akisema leo hapana, anarudi nyumbani mikono mitupu, na mara nyingi mteja naye anamponyoka, kwa sababu pembeni yake yupo mwenziwe aliyekubali kutoka. Uamuzi mzito kiasi hicho haufai kuachiwa mtu ambaye riziki yake ya siku imo ndani yake. Uwe wa serikali, utoke alfajiri, uonekane na kila aliyepo ufukweni, na siku bahari inapofungwa, yule aliyezuiwa asilale njaa.

Mimi ni mtembeza watalii. Nimezaliwa Matemwe katika nyumba ya mvuvi, na kazi yangu hunipandisha botini kila msimu: nawaeleza wageni wanachokiona, natafsiri maneno ya nahodha, nawashika mkono wanapopanda na kushuka. Siandiki kumshtaki mtu. Naandika kwa sababu naipenda kazi hii na watu ninaofanya nao, na kwa sababu hofu niliyonayo wanayo wengi. Tunaizungumza barazani kila jioni, lakini haifiki mezani kwenu.

Kwa ambao kazi zao hazijawafikisha huko: Mnemba ni kisiwa kidogo cha mchanga upande wa kaskazini mashariki ya Unguja, kilomita chache kutoka Matemwe. Kisiwani kwenyewe kuna hoteli ya binafsi, kwa hiyo wageni wa boti hawashuki. Wanachokifuata ni mwamba unaokizunguka, samaki wake, kasa, na zaidi ya yote pomboo. Tangu mwaka 2002 maji hayo yamo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari. Boti nyingine zinaondokea Matemwe na Muyuni, ambako ni karibu. Lakini wageni wengi wanatoka Nungwi na Kendwa, kwenye hoteli nyingi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kusi inapovuma, Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi bahari imelala. Upepo unatoka kusini mashariki, na ardhi yote ya Unguja iko kati yake na ufukwe ule. Mgeni anaamka, anafungua pazia, anaona maji yametulia na watoto wanaogelea. Akiambiwa leo bahari ni mbaya, anaitazama kwa macho yake na haamini, na mimi simlaumu, kwani hakuna chochote mbele yake kinachomwonyesha ubaya huo. Lakini kutoka Nungwi hadi Mnemba ni kama kilomita 14 za kuelekea kusini mashariki hasa. Boti inakwenda kuukabili ule ule upepo ambao ufukweni haukuonekana. Ikishaipita ras, ile ncha ya nchi kavu inayoingia baharini, bahari inabadilika kabisa, na wakati huo mgeni ameshalipa, ameshakaa, na nahodha ana watu kumi na kitu wanaomtazama usoni.

Kaskazi nayo ina ubaya wake. Mkondo wa bahari kwenye pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na upepo wa Disemba hadi Machi unashuka kutoka huko huko. Vinapokutana, wimbi haliwi refu la kupanda na kushuka taratibu. Linakuwa fupi, limesimama, na kwa boti inayotoka Nungwi linakuja ubavuni. Wazee waliotufundisha kuvua walikuwa wakilihofu wimbi hilo kuliko lile kubwa la kusi, kwa sababu halikupi nafasi ya kujiweka sawa.

Na likizo za watu haziangalii upepo. Julai na Agosti, kusi ikiwa imekolea, ndiyo miezi ambayo skuli za Ulaya zimefungwa. Ndiyo pia miezi ambayo nyangumi wenye nundu wanapita kwetu, wakitoka bahari za baridi za kusini ya dunia kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Kwa hiyo wageni wengi, wanyama wanaotamaniwa sana na upepo mkali vinatufikia kwa wakati mmoja, kila mwaka. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita, na kila mmoja wao aliyelala Nungwi au Kendwa alitajiwa Mnemba, hotelini au mchangani.

Nitawaeleza asubuhi moja ya Agosti. Haikuwa ya ajabu, na ndiyo maana naieleza. Boti ya mbao yenye turubai la kivuli, injini moja nyuma, familia mbili na wasichana wawili marafiki. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, lakini zilikuwa zimekunjwa na kushindiliwa omoni, mbele kabisa ya boti, chini ya kamba ya nanga na boksi la barafu. Alikuwemo mtoto wa miaka kama sita na hapakuwa na jaketi la kipimo chake. Nahodha, mtu mzima ambaye vijana wengi wa pale wamejifunza bahari mikononi mwake, alisimama muda mrefu akiitazama ras. Nikamuuliza, "Baba, unaionaje?" Akanijibu bila kugeuka, "Naiona, mwanangu. Lakini pesa ya watu imeshapokelewa, na mafuta yameshatiwa."

Tukatoka. Tulipoipita ras boti ikaanza kupiga, maji yakiruka juu ya omo na kutumwagikia. Mwanzoni wageni walicheka. Kisha kicheko kikakatika. Msichana mmoja akalewa bahari, akainama ubavuni kutapika, na rafiki yake akainuka kumshika. Uzito wao ukawa upande mmoja, na boti ikalalia upande huo huku wimbi linakuja. Baharia mmoja akawavuta wote wawili kwa nguvu mpaka katikati. Mama wa yule mtoto akaniuliza jaketi ziko wapi. Nikatambaa hadi omoni kuzitoa, na jueni kwamba boti ikiwa inaruka, kamba iliyolowa haifunguki, na jaketi lililoshindiliwa halitoki. Mara injini ikakohoa, ikazimika. Boti ikageuka yenyewe na kuyapa mawimbi ubavu. Nahodha alipaza sauti mara moja tu, "Kaeni chini!" nami nikaipeleka amri hiyo kwa kila lugha niliyoijua. Injini ikawaka tena.

Mnemba boti zote zilikuwa zimebanana upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa, ambako upepo unakingwa. Pomboo walipochomoza, zikaondoka kwa pamoja kuwafuata, nje ya kile kikingio, na wageni wakajirusha majini kati ya boti na boti. Kila wimbi lilipopanda, kichwa cha mtu hakikuonekana. Mwenye usukani nyuma anaangalia pezi la pomboo, anaangalia boti ya jirani, anaangalia wimbi. Hana macho ya kutosha kumwona na mtu anayeogelea mita chache kutoka kwenye panga la injini yake.

Tulirudi sote, alhamdulillahi. Nahodha akapewa bahshishi nzuri. Hapakuandikwa ripoti, hakuna aliyeulizwa, na kwa daftari lolote la serikali siku ile ni siku ya safari njema. Mnapotaka kujua ziara hizi zina usalama kiasi gani, tafadhali msiangalie ajali pekee. Asubuhi kama ile hazimo kwenye hesabu zenu, na zipo.

Sasa tuitazame pesa ya safari inavyopita, kwa sababu bila kuielewa, kanuni yoyote mtakayoitunga itabaki ukutani. Mgeni analipa hotelini, au kwa wakala mtandaoni, au kwa papasi, dalali wa ziara, pale mchangani. Kila pesa inapopita inakatwa kabla haijaifikia boti. Mwenye boti anakata yake. Kinachobaki kinanunua petroli, samaki na matunda ya chakula cha mchana, na hivyo vinanunuliwa jana yake jioni au alfajiri, hali ya bahari ikiwa bado haijajulikana. Nahodha na mabaharia wake wanalipwa kwa safari. Safari isipokuwepo, waliokwisha kukata hawana haraka ya kurudisha, petroli imo ndani ya tangi, samaki anaoza, na mgeni ambaye kesho anapanda ndege anadai pesa yake hapo hapo, kwa sauti, mbele ya watu. Anayedaiwa ni yule anayeonekana, na anayeonekana ni nahodha.

Nawajua manahodha wa maana, watu wazima wenye kumcha Mungu, waliokataa kutoka siku moja, wakakataa ya pili, na siku ya tatu, upepo ukiwa ule ule, wakatoka. Bahari hawakuacha kuijua. Nyumbani hakukuwa na unga. Wakati huo huo, tangu Oktoba 2024, kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar analazimika kununua bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar. Ni jambo jema, na naliunga mkono. Tumeweza kumfikiria mgeni hata kabla hajashuka kwenye ndege. Na yule anayemshika mgeni huyo mkononi baharini tumfikirie pia.

Yaliyotokea kwingine yanatuonyesha tunakoelekea. Tarehe 5 Julai 2018, huko Phuket nchini Thailand, boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama katika dhoruba ya msimu ikitoka kwenye ziara ya visiwani. Walikufa watu 47, wote wageni kutoka China. Onyo la hali ya hewa lilikuwa limeshatolewa. Lilitolewa, likasikika, na boti ikatoka, kwa sababu onyo lile halikumfunga mtu.

Miaka mitatu kabla, tarehe 25 Oktoba 2015, karibu na Tofino nchini Kanada, boti ya kutazama nyangumi iitwayo Leviathan II ilikuwa imesogea karibu na miamba ili watu 27 waliokuwamo wawaone simba bahari. Abiria wengi walikuwa wamesimama juu, upande mmoja, kuwatazama wanyama. Wimbi likaja kutoka upande wa pili. Boti ilipinduka kwa ghafla kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kuita msaada kwa redio. Watu 6 walikufa. Waliobaki walinusurika kwa sababu wavuvi wa jamii ya Ahousaht waliiona fataki ya dharura angani wakaja mbio. Ilikuwa boti kubwa kuliko zetu, yenye leseni, katika nchi tajiri, na nahodha wake alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Kila nikikumbuka jinsi wale wasichana wawili walivyoegemea upande mmoja, naikumbuka habari hiyo.

Na sisi wenyewe tuna kaburi letu baharini. MV Spice Islander ilizama nje ya Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, imepakia kupita uwezo wake, na wavuvi wa Nungwi wakatoka na vyombo vyao vidogo kwenda kuokoa. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa imekaza, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe. Zile zilikuwa meli za abiria, na najua ziara ya kutazama pomboo si safari ya Pemba. Lakini tazameni tulichojifunza. Leo kukiwa na hali mbaya, meli za abiria zinasimamishwa, na watu wamezoea. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024, safari kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Abiria walinung'unika, wakalala, wakaondoka siku iliyofuata. Hakuna aliyemtaka nahodha wa meli aamue peke yake bandarini huku abiria wamemzunguka na tiketi mkononi. Msafiri wa Dar es Salaam ana mtu nchi kavu wa kumwambia leo hapana. Mgeni wa Mnemba, katika boti ya mbao yenye injini moja, hana.

Utabiri tunao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa taarifa za baharini kila siku, na watu wa pwani tumeyazoea maneno yake: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, maeneo ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Wanaofanya kazi hiyo nawaheshimu sana. Kinachokosekana ni daraja kati ya taarifa yao na mchanga wa Nungwi. Taarifa inafika kwenye simu ya nahodha kama ujumbe mmojawapo kati ya jumbe nyingi, inamwambia achukue tahadhari, kisha inamwacha na wateja wake. Haisemi boti ya ukubwa gani isitoke. Haitofautishi Kendwa iliyokingwa na Mnemba iliyo wazi.

Kwa hiyo naomba bendera. Bendera ya kitambaa, juu ya mlingoti, Nungwi, Kendwa, Matemwe na Kizimkazi kule kusini, nyekundu ya kufunga bahari au njano ya tahadhari, inayopandishwa kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuonekana na mgeni hata akiwa kitandani. Wageni wengi wanatoka nchi ambazo ufukwe una bendera, na nyekundu wanaijua tangu utoto. Apandishe mtu wa pale pale anayeijua bahari ile. Tunao mabwana diko, wasimamizi wa mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia, tunazo kamati za wavuvi za shehia, tunao masheha. Bwana diko akae na mwakilishi wa kamati, wasome taarifa ya hali ya hewa, wazungumze kwa simu na wenzao wa Matemwe wanaoiona Mnemba kwa macho, waangalie bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, liko wapi, kisha waamue. Na wakishapandisha nyekundu, sheria isimame nyuma yao, ili mwenye boti mkubwa asiweze kuwapigia simu wakaishusha. Hili la mwisho nalisisitiza. Bwana diko ni mtu mdogo mbele ya mwenye boti kumi, na asipolindwa tutakuwa tumeutoa mzigo kwa nahodha tukamtwisha yeye.

Tusifunge bahari yote kwa pamoja. Kusi ikikaza, njia ya Nungwi kwenda Mnemba ifungwe, lakini upande wa magharibi wa Kendwa kuelekea Tumbatu ubaki wazi kama uko shwari. Kaskazi ikikaza, kusini magharibi kule Kizimkazi na Ghuba ya Menai mara nyingi kumekingwa, na kwa gari kunafikika asubuhi moja. Kisiwa chetu kina bahati hiyo: upepo ukiharibu upande huu, upande ule unapumua. Mgeni akipewa njia nyingine hatopoteza siku, na wengi watakubali wakielezwa na mtu anayejua anachokisema.

Bendera peke yake haitoshi, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize zaidi. Mkifunga bahari bila kuigusa ile pesa, boti zitatoka kimya kimya kutoka fukwe zisizo na mlingoti, saa kumi na moja alfajiri, na tutakuwa tumeiongeza hatari. Kila mgeni anayeingia kwenye maji ya hifadhi ya Mnemba analipa ada. Tengeni sehemu ya ada hiyo iwe mfuko wa siku za kufungwa: nahodha na mabaharia waliosajiliwa, ambao boti yao ilikuwa na safari siku hiyo, wapate posho. Si lazima ilingane na malipo ya safari. Iwe ya kununua unga, samaki na mafuta ya taa, basi. Na wakala, hoteli na papasi walazimike kwa kanuni kurudisha pesa yote au kuihamishia siku nyingine pale bendera inapokuwa nyekundu, wakiwemo na wale waliokata mapema. Hoja ya pesa kurudi ikishaondoka mabegani mwa nahodha, mtaona jinsi manahodha wetu walivyo waangalifu. Uangalifu wanao, na bahari wamerithi kwa baba zao.

Najua litaulizwa: je, hatutowafukuza wageni? Naishi kwa wageni, na kwa ninavyowaona, mgeni aliyezuiwa na bendera anakasirika saa moja. Mgeni aliyeogopa maisha yake kati ya ras na Mnemba, mwanawe mikononi bila jaketi, anaieleza habari ile miaka mingi, na hamwambii mtu aje.

Pomboo nao wana haki katika jambo hili. Si sisi pekee tunaoumia bahari inapochafuka na boti zikalazimishwa kutoka. Kule Kizimkazi, kabla ya utalii kuanza miaka ya 1990, pomboo walivuliwa kwa ajili ya chambo cha papa. Utalii ukawapa thamani wakiwa hai, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi wameonyesha kwamba boti zinapokuwa karibu, wanyama hao wanapunguza kupumzika, kula na kucheza, na wanatumia muda mwingi zaidi kuhama tu kutoka mahali hadi mahali. Pomboo jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mtoto ananyonya akiwa anaogelea, na lazima achomoze kupumua. Siku ya mawimbi, wanapojisogeza kwenye maji yaliyokingwa nyuma ya kisiwa, ndiko hasa boti zote nazo zinakobanana. Tunawakuta mahali pekee walipopata nafuu, tunawafukuza. Naomba bendera ikiwa ya njano kusiwe na kuogelea na pomboo kabisa, boti zikae mbali, na ziwe chache kwa kundi moja. Nikisema ukweli ningependa iwe hivyo hata bahari ikiwa shwari, lakini hilo lina barua yake.

Mengine ni madogo na hayana sababu ya kusubiri kikao. Jaketi zivaliwe mchangani kabla ya kupanda, siyo kuwekwa omoni. Za watoto ziwepo, au mtoto asipande. Majina ya waliopanda yaachwe kwa bwana diko, na boti isiporudi kufikia muda uliotajwa, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo chenye boti za doria, wapigiwe bila kungoja. Boti inayokwenda Mnemba iwe na injini ya akiba na redio. Haya yote ninyi mnayajua kuliko mimi.

Naomba kikao Nungwi kabla kusi haijaanza kukaza, mwezi wa tano usipite. Waje wenye boti, mawakala, watu wa hoteli, mapapasi pia wasiachwe, Mamlaka ya Hali ya Hewa, KMKM, na mabwana diko wa fukwe zote nne nilizozitaja. Manahodha niliozungumza nao wamesema watafika, na wanachoomba ni kwamba kikao kiwe baada ya sala ya Alasiri, boti zikisharudi.

Wabillahi tawfiq.

Mtembeza watalii, Matemwe